Kurudi kwenye gitaa kavu: mwongozo kwa mpigaji mkongwe aliyezoea umeme

Mwaka 1952, Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi kijana mmoja Jadotville, mji ambao leo ni Likasi, Katanga, nchini Kongo. Kijana huyo alikuwa Mwenda Jean Bosco, na vyombo vyake vilikuwa gitaa kavu, yaani lisilotumia umeme, na sauti yake. Mwaka 1969 alipiga kwenye tamasha la Newport, Marekani. Aliwahi pia kuongoza bendi ya magitaa ya umeme. Kisha mwaka 1988 aliingia studio Cape Town na gitaa kavu tena. Alifariki kwa ajali ya barabarani mwaka 1990, na rekodi hizo za Cape Town zikatoka sokoni 1994. Kwa mkongwe anayetaka kurudi alikoanzia, rekodi za 1952 na za 1988 ni darasa la bure. Zisikilize moja baada ya nyingine kabla ya kugusa chombo, na sikio lifuate gumba peke yake, yaani noti za besi. Melodi iache kwanza.

Tunaanza na gumba kwa sababu tatizo la anayetoka kwenye umeme halitokani na kusahau kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) wala na vidole kuwa vizito. Amezoea uzi unaoendelea kulia wenyewe baada ya kuguswa, huku besi na ngoma vikibebwa na watu wengine. Gitaa kavu halina msaada huo. Sauti inakufa haraka, na usipoweka nyingine mahali pake, wimbo unabaki na shimo. Mkono wa kulia ndio unaoziba mashimo hayo.

Gitaa lenyewe

Chagua lenye mwili mdogo au wa kati. Magitaa makubwa ya mabega mapana yana besi nyingi inayofunika nyuzi tatu nyembamba, na mtindo huu wa akina Bosco unaishi kwenye hizo nyuzi tatu. Usitafute la bei ghali. Wengi wa wapigaji wa miaka ya 1950 walitumia magitaa ya bei nafuu, yakiwemo ya Gallotone kutoka Afrika Kusini, ambayo hayakuwa na mlio mrefu. Gitaa la mbao za tabaka linalokata sauti mapema linafaa kazi hii kuliko lile linalosifiwa dukani kwa kulia muda mrefu.

Kabla ya kununua au kulitoa lile la zamani lililoning'inia ukutani, kagua mambo matatu.

Kwanza shingo. Bonyeza uzi wa sita, ule mnene kuliko zote, kwenye freti (vyuma vinavyokatiza shingo) ya 1 na ya 14 kwa wakati mmoja, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 7. Inatakiwa iwe milimita 0.2 hadi 0.3, karibu unene wa kadi ya mwaliko. Ikiwa uzi umelala kabisa juu ya freti, shingo imekaza mno na nyuzi zitavuma. Ikiwa nafasi inafika milimita 1, shingo imepinda mbele. Chuma kilicho ndani ya shingo kinazungushwa robo mzunguko tu kwa mara moja, kisha unatyuni upya na kusubiri saa kadhaa kabla ya kupima tena. Wanaozungusha mzunguko mzima kwa haraka ndio wanaovunja nati yake.

Pili, kimo cha nyuzi kwenye freti ya 12. Uzi wa sita uwe juu ya freti kwa milimita 2.3 hadi 2.6, wa kwanza 1.7 hadi 2.0. Aliyezoea umeme atataka kushusha zaidi ya hapo. Asifanye hivyo. Gumba la mtindo huu linapiga kwa nguvu, na uzi ulio chini sana utagonga freti kila pigo la kwanza.

Tatu, daraja, ule ubao uliogundishwa usoni mwa gitaa unaoshika nyuzi. Pitisha ukingo wa karatasi nyuma yake, pale linapokutana na uso wa gitaa. Karatasi ikiingia, gundi imeachia, na kulifungia nyuzi mpya ni kulimalizia. Mara nyingi chanzo ni mtu aliyefunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nyuzi za naironi. Seti ya chuma ya 0.012 (unene wa uzi wa kwanza kwa inchi) inavuta jumla ya kilo 70 na ushee, wakati seti ya naironi inavuta takriban kilo 40. Hakuna daraja la gitaa la naironi litakalovumilia tofauti hiyo kwa miezi mingi.

Hali ya hewa nayo inafanya kazi yake. Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam unyevu unavimbisha uso wa gitaa, daraja linapanda na nyuzi zinapanda nalo. Lubumbashi au Dodoma wakati wa kiangazi mambo yanageuka: uso unazama, nyuzi zinashuka na kuvuma, na ncha za freti zinatokeza pembeni mwa shingo hadi kukwaruza kiganja. Pwani weka pakiti za kufyonza unyevu ndani ya kasha. Bara wakati wa kiangazi weka sponji yenye unyevu kidogo ndani ya kisanduku cha sabuni kilichotobolewa matundu, na ukaguzi uwe kila wiki. Sponji isidondoshe maji.

Nyuzi

Seti ya 0.011 hadi 0.052 inamfaa anayetoka kwenye umeme. Ya 0.012 hadi 0.053 ina sauti nene zaidi lakini vidole vya kushoto vitalalamika wiki za mwanzo. Kumbuka uzi wa tatu: kwenye gitaa la umeme kwa kawaida hauna waya wa kuviringishwa na unavutika kirahisi, kwenye gitaa kavu umeviringishiwa waya na hauvutiki. Misemo yote ya solo uliyozoea kuivuta kwenye uzi wa tatu itabidi uipande kwa kuteleza kutoka freti moja hadi nyingine. Hilo halikupunguzii kitu, kwa maana kuteleza ndiko kulikotumika hata zamani.

Unapofunga, acha uzi ulegee sentimita 5 hadi 7 ili upate mizunguko miwili au mitatu kwenye kikazio. Mzunguko mmoja unateleza, mitano inarundikana na gitaa halitulii kwenye tyuni. Nyuzi mpya zinang'aa mno kwa siku tatu nne za kwanza. Usirekodi katika siku hizo. Ukiwa na haraka, zipige saa kadhaa kwa mikono ambayo haijaoshwa, na mng'ao utapungua.

Kutyuni na kapo

Kuna namna mbili za kutyuni zinazokutosha. Ya kwanza ni ya kawaida, kuanzia uzi wa sita: E A D G B E. Ya pili, ambayo baadhi ya wapigaji wa Kongo waliipenda, ni kupandisha uzi wa sita nusu hatua, kutoka E hadi F, na kuziacha nyingine kama zilivyo. Mvuto wa uzi huo unaongezeka kwa takriban asilimia 12. Uzi mzima unauvumilia, uliokwisha kutu unaweza kukatika, kwa hiyo geuza uso pembeni unapoukaza.

Faida ya F ni hii. Ukiwa kwenye kodi ya C, gumba lina C kwenye uzi wa tano freti ya 3. Ukienda F, gumba linapata besi yake kwenye uzi wa sita mtupu, bila kidole chochote cha kushoto, kwa hiyo huna haja ya kubana shingo nzima. Ukienda G7, G inapatikana uzi wa sita freti ya 2, na kidole cha shahada cha kushoto kinakaa uzi wa kwanza freti ya 1. Nyuzi za pili, tatu na nne ni tupu. Mkono wa kushoto hausafiri, unatikisika tu mahali pamoja, na melodi inabaki huru. Hatari iko moja: ukiwa kwenye C, gumba likigusa uzi wa sita mtupu, F itagongana na E ya kodi na kila mtu atasikia. Lizoeze kukaa kwenye uzi wa tano na wa nne.

Ukishatyuni hivyo, achana na kodi za mtindo wa G na E. Fanya kila kitu kwa mtindo wa C na uhamishe wimbo kwa kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote kwenye freti moja. Kapo freti ya 2 inakupa D, ya 3 E-flati, ya 4 E, ya 5 F. Nyimbo nyingi za bendi zilipangwa kufuata matarumbeta na koo la mwimbaji wa enzi hizo. Leo sauti yako pengine imeshuka nusu hatua mbili au tatu. Shusha kapo kufuata koo bila aibu, kwa kuwa gitaa kavu halimfichi mwimbaji anayejikakamua.

Asiye na kapo anafunga penseli kwa mpira juu ya freti, kama walivyofanya wengi. Inafanya kazi, ila ubao wa vidole wa magitaa mengi ya chuma una mgongo kidogo, penseli imenyooka, hivyo nyuzi za katikati zinabanwa na zile za pembeni, ya kwanza na ya sita, zinavuma. Ongeza mzunguko mmoja wa mpira kila upande. Ukikaza kupita kiasi, nyuzi zote zitapanda sauti, kwa hiyo tyuni upya baada ya kufunga, kamwe si kabla.

Mkono wa kulia

Hapa ndipo penye kazi yote, na hapa usiharakishe.

Weka piki, kile kipande cha plastiki cha kupigia, kando. Vidole ni viwili tu: gumba na kidole cha shahada. Gumba linamiliki uzi wa sita, wa tano na wa nne, na linapiga kuelekea chini. Kidole cha shahada kinamiliki wa tatu, wa pili na wa kwanza, na kinapiga kuelekea juu. Ukijua kutumia vidole vinne kama mpigaji wa gitaa la klasiki, vizuie. Sauti za vidole vinne hutoka laini na sawasawa, ilhali mtindo huu unataka sauti mbili zinazojibizana, moja nzito na moja kali. Kucha ya shahada iwe milimita 1 hadi 2 kupita nyama, ili nyama iguse kwanza na kucha imalizie.

Anza na gumba peke yake. Mapigo 60 kwa dakika. Hesabu moja hadi nane, nusu pigo kwa kila hesabu, na gumba lipige kwenye 1, 3, 5 na 7. Kwenye C: uzi wa tano, wa nne, wa tano, wa nne. Kwenye F: wa sita, wa nne, wa sita, wa nne. Kwenye G7 vivyo hivyo, wa sita na wa nne. Mzunguko ni C, F, G7, C, kila kodi hesabu nane. Piga dakika kumi bila kuongeza chochote. Ukiona gumba linapunguza nguvu wakati mkono wa kushoto unabadilisha kodi, bado hujawa tayari.

Kisha kausha. Egemeza ukingo wa kiganja juu ya daraja, uguse nyuzi za sita na tano kwa nusu sentimita tu mbele ya mfupa, kile kipande chembamba juu ya daraja ambacho nyuzi hukalia. Kila noti ya gumba iwe na mwanzo mkali, itambulike ni noti gani, kisha ikatike kabla ya ile inayofuata. Kiganja kikisogea mbele sana kuelekea tundu, utasikia kishindo kisicho na noti. Kikirudi nyuma sana, besi zinalia zikipandana na huo ukavu unapotea. Mahali sahihi ni padogo sana na panatofautiana kwa kila gitaa. Patafute polepole huku ukisogeza kiganja milimita moja moja.

Sasa ingiza shahada. Hesabu ileile ya nane, gumba linaendelea 1, 3, 5, 7. Shahada inapiga kwenye 1, 4 na 7: uzi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kwenye 1 na 7 vidole viwili vinagonga pamoja, kwenye 4 shahada inaingia peke yake katikati ya mapigo mawili ya gumba. Hiyo 4 ndiyo injini. Karibu kila anayejaribu mara ya kwanza anaisogeza hadi 3 au 5 ili ikutane na gumba, na hapo mdundo unageuka gwaride la shule. Dawa yake ni kusema "nne" kwa sauti unapoipiga.

Baada ya mchoro huo kukaa, panda hadi 80, kisha 100. Nyimbo nyingi za mtindo huu zinakaa vizuri kati ya 100 na 120. Mkongwe wa umeme hukimbia, kwa sababu noti inapokufa anaingiwa na hofu ya ukimya. Jirekodi kwa simu dakika tatu na upime mwendo wa mwanzo na wa mwisho. Tofauti ikizidi mapigo manne, rudi 80.

Melodi inakuja mwisho, na inakuja kwa jozi: noti mbili zinazotembea sambamba. Kwenye nyuzi ya kwanza na ya pili jirani huwa ni tatu tatu, yaani noti na ile ya tatu kutoka kwake kwenye skeli. Kwenye ya kwanza na ya tatu huwa ni sita sita. Kwenye jozi hizi za kuruka, gumba linaweza kupanda hadi uzi wa tatu kwa muda mfupi kisha lirudi kwenye besi. Usiruhusu likae huko zaidi ya hesabu nane, wimbo utapoteza miguu.

Kupunguza wimbo wa bendi

Chukua wimbo mmoja uliopigwa na magitaa matatu na besi. Andika kwenye karatasi kila chombo kinafanya nini kwa mzunguko mmoja. Halafu futa ridhimu yote, kwa sababu gumba na shahada vinaijaza. Kutoka kwenye besi, bakiza noti ya mzizi kwenye 1 na 5. Kutoka kwenye solo, bakiza msemo mmoja tu, ule ambao watu wanauimba kwa mdomo. Solo ya pili iache yote.

Seben ndefu, ile sehemu ya magitaa ya kuchezesha watu, haihamii kwenye gitaa kavu, na kuilazimisha ni kuchosha msikilizaji na mkono. Iliandikwa kwa ajili ya miguu ya wachezaji na ngoma inayoisukuma. Weka badala yake mzunguko wa kodi nne unaorudiwa, na kila mara ya pili badilisha jambo moja dogo: noti ya mwisho ya melodi, au besi inayoshuka badala ya kurukaruka. Mistari ya kuitikia iliyokuwa ya waimbaji wenza ipigwe na gitaa kwenye nyuzi za kwanza na pili, na wewe ukae kimya.

Ukitaka mwenzako mmoja, mpe chupa ya Fanta ya kioo, ile yenye miviringo. Wapigaji wa omutibo, magharibi mwa Kenya, mtindo uliovuma kwa George Mukabi, walikwaruza chupa hiyo kwa kipande cha chuma. Msumari wa inchi nne unatosha. Anayekwaruza ashike hesabu zote nane kwa wepesi na kukazia 1 na 5. Akianza kuiga mchoro wa shahada, mdundo unasongamana na huwezi tena kusikia ile 4.

Vidole vya mwanzo

Sugu za vidole vya kushoto zinarudi kwa wiki tatu hadi nne. Dakika 20 asubuhi na 20 jioni zinajenga sugu haraka kuliko saa nzima mara moja, ambayo huishia kwenye malengelenge. Maumivu ya ncha za vidole ni ya kawaida. Maumivu ya kifundo cha mkono au ganzi kwenye gumba si ya kawaida: simama, shusha bega la kulia, na angalia kama gitaa limekaa juu mno.

Kurekodi

Maiki moja inatosha, na ukitumia moja utaimba na kupiga kwa wakati mmoja, jinsi mtindo huu ulivyorekodiwa tangu mwanzo. Kama ni gitaa peke yake, weka maiki sentimita 30 hadi 40, ielekee pale shingo inapoungana na mwili. Ukiielekeza kwenye tundu utapata mngurumo wa karibu hezi 100 unaomeza kazi yote ya kukausha besi. Kama ni sauti na gitaa pamoja, irudishe hadi sentimita 60 au 80, kwenye kimo cha kifua. Sauti ikizidi, ishushe maiki. Gitaa likizidi, ipandishe. Usirekebishe kwa mashine kitu ambacho sentimita kumi zinaweza kurekebisha.

Chumba kiwe na godoro, mapazia au nguo nyingi. Vigae na kuta tupu vinarudisha mwangwi unaorefusha kila noti. Kilele cha sauti kiishie kati ya desibeli -10 na -6. Ukitumia simu, zima mawasiliano na uzime kipunguza kelele, kwa kuwa programu hiyo hudhani mkwaruzo wa chupa ni uchafu na kuufuta. Usiongeze mwangwi wa bandia, na usiongeze kelele za santuri ya zamani ili kazi ionekane ya kale. Rekodi za 1952 hazikupendwa kwa sababu ya kelele zake.

Kwenye jukwaa, maiki inashinda kichukuzi cha chini ya mfupa wa daraja (kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi), ambacho hutoa mlio mkavu wa plastiki kwenye nyuzi za kwanza na pili. Ukumbi ukikulazimisha kukitumia, punguza kati ya hezi 2,000 na 3,000 kwa desibeli 3 hivi, ziba tundu la gitaa kwa kifuniko cha mpira ili lisipige mluzi, na spika ya kujisikia iwe mbele yako pembeni, isiuelekee uso wa gitaa.